Kabla hujaijumlisha ile sifuri

Wiki hii nimesoma rasimu tatu za vijana wapya wanaokadiria thamani ya mazingira kwa fedha, na zote zinamalizia na jumla moja kubwa yenye desimali mbili, kama risiti. Wadogo zangu, bonde la mto mnalipimaje mpaka senti? Nawapenda, ila mtanizeesha.

1. Msihesabu mara mbili. Ukishaingiza thamani ya mavuno, usirudi kuongeza ya nyuki waliochavusha mazao yaleyale.

2. Kiwango cha punguzo, yaani asilimia ya kila mwaka inayoshusha fedha ya baadaye iwe thamani ya leo, kikae ukurasa wa kwanza, si kwenye kiambatisho. Hasara ya milioni moja ya miaka 100 ijayo, kwa asilimia 7, leo ni kama 1,150. Kwa asilimia 1 ni kama 370,000.

3. Sifuri. Hapa nina deni.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mto uliochafuliwa. Hojaji yangu iliuliza: kaya yako iko tayari kulipa kiasi gani kwa mwaka ili mto usafishwe? Karibu theluthi wakajibu sifuri. Nikaziingiza zote kama zilivyo, wastani ukatoka mdogo wa kutia huruma, nami nikaandika, tena kwa kujiamini, kwamba wakazi hawauthamini sana mto wao. Watu wanaovua humo na kufulia humo!

Siku ya kuwasilisha matokeo mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, moja ya hizo sifuri ni yangu. Mtu akikumwagia taka mlangoni, nawe ukakataa kulipia ufagio, ndiyo kusema huipendi nyumba yako?" Ukumbi ulicheka. Msimamizi wangu hakucheka.

Usiku nikazifungua hojaji upya. Pembeni mwa zile sifuri kulikuwa na maandishi: alipe aliyechafua, kwa nini ninunue kilicho changu. Niliyaona tangu mwanzo, ila hayakuwa na safu kwenye jedwali langu, nikayapita. Na ripoti ilikuwa imeshatoka. Kwenye mazungumzo ya fidia, wanasheria wa waliochafua waliisoma sentensi yangu kwa sauti, neno kwa neno. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma.

Kwa hiyo kila sifuri ifuatwe na "kwa nini?", na za kupinga zitengwe na za kweli. Tena msiulize "kiasi gani". Tajeni kiasi, mtu ajibu ndiyo au hapana; jopo la Marekani lililoongozwa na wanauchumi Arrow na Solow lilishashauri hivyo mwaka 1993, baada ya mafuta ya meli ya Exxon Valdez kumwagika Alaska mwaka 1989.

4. Jaribuni kama jibu linabadilika kitu kikiongezeka. Kuna utafiti wa Marekani ulioulizia watu wako tayari kulipa kiasi gani kuokoa ndege wa majini 2,000, 20,000 na 200,000. Wastani ukawa dola 80, 78 na 88. Cheka, halafu kakague wa kwako.

5. Wewe wa rasimu ya pili, una sifuri 41. Kesho njoo na hojaji zenyewe, za karatasi, siyo jedwali. Tutaketi nazo moja moja.