Daftari la Bibi: Kipini, Majasi na Mafurungu

SWALI: Shikamoo shangazi. Bibi yangu alipofariki aliniachia kopo la mapambo na daftari lililoandikwa: "Kipini 1, majasi 2, mkufu 1, kidani 1, kekee 2, mafurungu 2." Mimi najua hereni, cheni na bangili tu. Tena kidani kimekatika na sonara anasema atakitia lehemu. Je, hakitapungua thamani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Bibi yako kakurahisishia kazi, maana kila jina hapo linakwambia pambo linakaa wapi mwilini.

Kipini ni cha puani. Majasi ni ya masikioni, ila usiyalazimishe: jasi ni la mviringo na hukaa ndani ya ndewe, lile tundu pana la sikio. Sikio lililotogwa kwa sindano halilipokei. Kekee ni bangili pana, bapa, za fedha. Mafurungu ni ya miguuni.

Sasa mkufu na kidani. Baba yangu alikuwa sonara Mombasa, nami utotoni nilimvutia mvukuto. Mteja akisema "nifanyie cha shingoni," Baba aliweka nyundo juu ya fuawe akauliza: mkufu au kidani? Mkufu ni vile vipete vilivyoshikana, basi alipima urefu. Kidani ni pambo zima la kifuani, na hapo alitaka kujua uzito, vito na nakshi. Mkufu kuuita cheni sikatai. Kidani kukiita cheni kunaniuma, kwa sababu kazi yote ya fundi inapotea katika neno hilo.

Lehemu ni madini ya kuungia. Lazima iyeyuke kabla ya dhahabu yenyewe, la sivyo pambo lote lingeyeyuka, kwa hiyo ni dhahabu iliyochanganywa na madini mengine kama fedha na shaba. Kidani cha karati 22 kina sehemu 22 za dhahabu katika 24. Kikijazwa lehemu uzito utapanda, dhahabu haitapanda kwa kiasi hicho. Tone dogo penye mkatiko halina neno. Lakini ukisikia lehemu ya risasi, yale madini laini ya kijivu, chukua kidani chako uondoke! Risasi ikikutana na dhahabu motoni huifanya ivunjike kama biskuti.

Mwambie akipime mbele yako kabla na baada, uandike gramu katika daftari lilelile. Ukikuta Bibi ameandika tola, tola moja ni kama gramu 11.66.

Na zile kekee, usizisugue zikang'aa kote. Weusi uliotulia ndani ya michoro uache, ndio unaoonyesha nakshi.