Sista, si nirekodi tu wodini?

SWALI: Habari yako Sista. Mimi nasomea unasi hapa Kisumu, mwaka wa pili. Mwalimu ametuambia tuwe tunarekodiana kwa simu tukifanya mazoezi kwa manikini, yule mdoli wa mfano wa mgonjwa, halafu tujiangalie, lakini naona ni kumaliza bando bure juu nikienda wodini mambo yanafanywa tofauti kabisa na vile tumefundishwa. Si afadhali nirekodi hukohuko wodini nijue kazi yenyewe?

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na asante kwa kuuliza kabla hujatoa simu. Kurekodi wagonjwa wacha kabisa, hata kama sura haionekani, hata kama mwenyewe ameitikia kwa kichwa, juu mama mwenye uchungu wa kujifungua atakubali chochote ili mumsaidie. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na simu yenyewe unaweza kuisahau kwa matatu.

Lakini hiyo video ya manikini usiidharau! Ukiwa unafanya prosija, yaani kazi ya hatua kwa hatua kwa mgonjwa, akili iko kwa hatua inayofuata, mikono huioni. Chukua katheta, ule mrija wa kutoa mkojo kwa kibofu: umevaa glavu steraili, zisizo na vijidudu, umesafisha vizuri, halafu ule mkono ulioshika mwili unarudi kwa trei na wewe hata hujui, ukiulizwa utaapa hukugusa kitu, na video inaonyesha umegusa. Ama unajaza maji kwa baluni ya katheta, ile inayoishikilia ndani ya kibofu, kabla mkojo haujaanza kutoka, manikini hatalia lakini mtu halisi unamjeruhi njia ya mkojo. Hata kunawa mikono, Shirika la Afya Duniani linasema sekunde 40 mpaka 60 kwa maji na sabuni, jirekodi uone zako ni ngapi. Sasa usijiangalie peke yako, kaeni wawili na ile cheklisti mkononi, simamisha palipoharibika, rudia prosija siku hiyohiyo. Bando huhitaji, tumianeni kwa bluetooth.

Kuhusu wodi kuwa tofauti, kweli iko, na inauma. Ila angalia ni tofauti gani. Stendi ya dripu hakuna na sista ameining'iniza kwa msumari wa dirisha, hapo chupa bado iko juu ya mgonjwa na dawa inaingia kwa kasi inayotakiwa, kilichobadilika ni kifaa tu. Mtu akitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine na glavu zilezile, hiyo usiige hata ukiambiwa hapa ndo tunafanya hivyo. Muulize sista pembeni, kwa heshima, si mbele ya mgonjwa, wengi watakueleza vizuri tu.

Halafu ukifika hosteli jirekodi wewe mwenyewe ukisimulia ulichoona tofauti na kwa nini unadhani kilifanywa hivyo, bila jina la mgonjwa, namba ya kitanda wala la nasi aliyefanya. Mpelekee mwalimu. Walimu wengine hawashindi wodini siku hizi, na akisikia hayo anaweza kuwapangia mazoezi yanayofanana na kazi, trei yenye vifaa pungufu, mwenzenu akijifanya mgonjwa anayelalamika, nyinyi wawili na kazi ya watu wanne. Mwombe muanze na hilo la katheta, na mrekodi.