Muulize Fundi: Pini kwenye kilti, ivaliwe au iachwe?

SWALI: Fundi shikamoo. Mi ni kijana wa Tanga, niko Glasgow mwaka wa sita sasa, mwezi ujao nafunga ndoa na binti wa huku huku Uskoti. Wakwe wameomba nivae kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, kama wanaume wao wote watakavyovaa siku hiyo, nami nimekubali kwa moyo mmoja na nguo tumeshakodi. Tatizo ni pini. Mama mkwe kanipa pini ya fedha yenye ua la mbigili, ilikuwa ya marehemu baba yake. Dada yangu naye kaja kutoka nyumbani na pini mbili, ya bendera yetu na ya twiga. Marafiki wanasema nizipange zote tatu pale chini, na ile kubwa niipitishe vitambaa vyote viwili vinavyopishana mbele, cha juu na cha chini, maana kilti inafunguka ubavuni kama kikoi na upepo wa huku hauna adabu. Mwingine anasema pini ni mambo ya watalii, niache kabisa. Sitaki kumuudhi mtu na sitaki kuaibika mbele ya wazee. Nifanyeje? — *Bwana harusi, Glasgow*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana, Mungu awajalie. Vaa pini. Vaa moja tu, hiyo ya babu wa mkeo, na uipitishe kwenye kitambaa cha juu PEKE YAKE. Hapo kwenye peke yake naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo watu wengi wanapoharibikiwa.

Nimeshona marekebisho ya nguo Edinburgh miaka tisa, na kila baada ya msimu wa harusi zilikuwa zinaletwa kilti zimechanika pale pale, pembe ya chini kulia, kidogo juu ya pindo. Ukiikunja kwenye mwanga unaona kabisa, tundu mbili ndogo za sindano, halafu kutoka kwenye tundu moja nyuzi za sufu zimevutwa zikakatika mpaka imekuwa mdomo wa urefu wa kidole. Mwenyewe ukimuuliza anasema sijui fundi, nilikuwa napanda gari tu. Ndio hivyo, alipanda gari. Kitambaa cha juu na cha chini vinatakiwa vitembee kila kimoja kivyake, ukiinua mguu cha juu kinaenda huku cha chini kinabaki, sasa we umevibana pamoja unategemea nini? Na hata isipochanika nguo inakaa vibaya, inajikunja pale mbele kama imepigwa pasi na mtu mwenye haraka.

Kilti haifungwi kwa pini mwanangu, inafungwa kwa mikanda ya ngozi na bizimu zake kiunoni. Mmoja uko kushoto, unapita kwenye kitundu kilichoshonwa hapo ubavuni, na kulia kuna mmoja au miwili. Ukikaza hiyo sawasawa nguo haina pa kwenda. Pini kazi yake ni uzito tu, inavuta ile pembe ya kitambaa cha juu ishuke chini, pamoja na urembo. Kuna hadithi inasimuliwa sana huko eti Malkia Victoria alimwona askari anahangaika na upepo akachomoa pini yake mwenyewe akampa, ni hadithi tamu lakini mi siiwekei dhamana.

Na upepo usikutishe kihivyo. Kilti kamili ya kiume inakula yadi 8 za sufu, karibu mita 7 na kitu, karibu yote imelazwa kwenye marinda ya nyuma, ule uzito peke yake unaituliza. Mbele una kile kimkoba chao cha sporani kinakandamiza. Unapokaa ndo uwe makini, pitisha mkono nyuma ulaze marinda chini ya mapaja kama mama anavyokaa na sketi yake ya marinda, usijitupe tu kwenye kiti.

Sasa mahali pa kuiweka. Simama, mtu mwingine akuvalishe, usiinamie mwenyewe maana ukiinama kipimo kinabadilika. Upande wako wa kulia utaona ukingo wenye matamvua, kama ya kikoi lakini mafupi. Kutoka kwenye matamvua hesabu vidole vitatu kuingia ndani, kutoka kwenye pindo la chini panda kiganja kimoja, hapo hapo, pini ikae wima. Sindano isukume polepole ipite katikati ya nyuzi, usiichome kwa nguvu. Halafu kabla hujaifunga ingiza vidole nyuma ya kitambaa uhakikishe hujashika cha chini. Na kwa vile ni ya kukodi, angalia kwanza kama kuna tundu za waliotangulia, pita humo humo usiongeze mpya.

Zile pini za dada yako usiziweke kwenye kilti. Tatu kwa mpigo pale chini zinavuta kitambaa kinalegea, na jicho la mtu linakosa pa kutua. Bendera weka kwenye kola ya koti, kushoto, inapendeza sana pale na kila mtu ataiona kwenye picha. Twiga kama ni ile aina ya kibonyezo cha nyuma hiyo kwenye sufu nzito haikai, kibonyezo kinachomoka. Mwambie dada aivae yeye kwenye nguo yake siku hiyo, mvae pini mbili za nyumbani watu wawili wa nyumbani. Mi naona hiyo ni nzuri kuliko kurundika zote kwako.

Huyo anayesema mambo ya watalii msamehe, hajui umepewa nini. Baada ya vita ya Culloden huko Uskoti, Aprili 1746, jeshi la serikali lilipowapiga waasi, serikali ya London ilipiga marufuku mavazi ya watu wa milimani wa Uskoti, kilti ikiwemo, mwanamume au kijana akikamatwa mara ya kwanza ni miezi 6 jela, mara ya pili anasafirishwa ng'ambo miaka 7. Waliokuwa jeshini tu ndo waliruhusiwa. Sheria ilikuja kufutwa 1782, miaka 36 baadaye. Sasa mama wa watu anachukua pini ya baba yake aliyefariki anampa kijana wa Tanga, hapo ushaingizwa ndani ya nyumba. Ua la mbigili ni nembo ya Uskoti nzima, halina ukoo, kwa hiyo wala usiogope. Ingekuwa ni nembo ya ukoo iliyozungushiwa mkanda na bizimu ndo ningekwambia uliza kwanza, maana ile inamtangaza mtu kuwa yuko chini ya mkuu wa ukoo fulani.

Kitu cha mwisho, usiku mkianza kucheza ngoma zao ivue. Zile ngoma ni za kuzungushana na kurushana, pini ya fedha ikifunguka hapo hamtaiona tena. Mpe mama mkwe mkononi akutunzie.

SWALI: Fundi, nimenunua mtumbani sketi ya drafti ya marinda, ina pini kubwa ubavuni. Mbona inafungukia kushoto, au imeshonwa kimakosa? Na hiyo pini nibane pande zote mbili? — *Msomaji, Kilifi*

JIBU: Haina kosa mama. Ya kiume inafungukia kulia, za kike mara nyingi kushoto, kama vifungo vya shati vinavyopishana. Geuza ndani uangalie, kama ina kifungo au mkanda kiunoni basi pini ichome kitambaa cha juu tu. Kama haina, tia kifungo cha ndani kuliko kutegemea pini, fundi yeyote hapo mtaani anakuwekea dakika kumi.

SWALI: Fundi asalaam alaykum. Hapa Muscat bendi za jeshi zinapiga zile zumari za mifuko za Kiskoti, na nimeona wapigaji wana pini kubwa ya duara begani kushoto. Ndo hiyo hiyo pini ya kilti? — *Msomaji, Oman*

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Hapana, hiyo ni nyingine. Pale begani kuna shuka nzito imepitishwa kifuani ikaangukia mgongoni, na hiyo duara ndo inaishikilia isiteleze wakati mtu anatembea na kupiga. Ile inabeba mzigo kweli kweli, ndo maana sindano yake ni nene karibu kama msumari mdogo. Ukiichomoa, shuka lote linashuka.