Re: Dogo kapata IT chuo, laptopu hana, aahirishe?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako aahirishe mwaka mpaka ipatikane laptopu. Asiahirishe aisee. Mi nilianza hivyohivyo, semista nzima ya kwanza natumia kompyuta za maabara, wenzangu wakienda kula ndo nawahi mashine, kodi ya programu nishaiandika kwa peni kwenye kauntabuku naenda kuchapa tu, na kusema kweli ile kauntabuku ilinifundisha kuliko lekcha.

Boom la HESLB (hela ya Bodi ya Mikopo) likiingia asikimbilie simu kali (wengi ndo wanapotelea hapo). Atafute ThinkPad ya mtumba, aangalie RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB na SSD (diski ya kasi), betri ikiwa imechoka poa tu, itakaa kwenye chaja. Windows ikimzingua aweke Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, bure kabisa. Kwa sasa kama ana Android aweke Termux (app ya kuandikia amri za kompyuta), lugha ya programu ya Python inapiga humohumo japo kioo kidogo kitamtoa machozi.

Bando sasa, ndo muuaji kimyakimya. Video za CS50, kozi ya Harvard ya kuanzia kompyuta, ni bure, azishushe kwa waifai ya chuo usiku watu wakilala. Akipewa imeili ya chuo aombe ile GitHub Student Developer Pack (furushi la zana za programu kwa wanafunzi), nayo hailipiwi.

Ila wengi niliosoma nao walidisko (waliondolewa chuo kwa kufeli) kwa hesabu na programing ya mwaka wa kwanza, sio laptopu. Atafute wenzake wawili watatu wa kusoma nao mapema, na asidese asainmenti hata siku moja, maana UE (mtihani wa mwisho wa semista) anaingia peke yake. Anaenda chuo gani kwani?