Jibu: kuzuia apdeti za mfumo kwenye Fire iliyorutiwa (na neno kidogo kwa wenye Nook na Kindle)

Mwalimu wa Nakuru ameuliza hivi: alinunua Fire HD 8 ya 2017 (tableti ya Amazon) ya mitumba, mpwa wake akairuti, yaani akajipa mamlaka kamili juu ya mfumo wake, akafuta matangazo na zile programu za Amazon asizozihitaji, tableti ikabaki ya vitabu na PDF za darasani tu. Usiku mmoja akaiacha kwenye chaji Wi-Fi ikiwa wazi. Asubuhi SuperSU, ile programu inayosimamia mamlaka hayo, haipo na kila kilichofutwa kimerudi. Sasa anauliza, mpwa akifaulu kuiruti tena, afanye nini lisijirudie.

Waliotangulia kujibu wamesema "zima Wi-Fi". Mwalimu, hilo liache. Tableti isiyoonja mtandao utaiwekea vitabu vipi, na ni nani atakayekumbuka kuizima kila jioni watoto wakishaichezea?

Niko Kisumu, natengeneza simu na tableti mjini, si mbali na Oginga Odinga Street. Hizi za kusomea huletwa sana shule zinapofungua, nyingi zikiwa zimetumwa na jamaa walio ng'ambo. Ninachoeleza hapa ndicho ninachofanya mezani.

Fire OS haikupi swichi ya kukataa apdeti za mfumo. Ukiingia Settings, kisha Device Options, kisha System Updates, utakuta kitufe cha kuangalia kama kuna toleo jipya, basi. Ile swichi ya apdeti iliyo ndani ya Appstore ni ya programu za kawaida, na wengi huizima wakalala usingizi wa pono wakidhani wamemaliza. Kazi yenyewe hufanywa na programu ndogo ya mfumo usiyoiona kwenye skrini. Hiyo huuliza seva, hupakua faili, husubiri tableti iwe haitumiki na betri iwe na chaji ya kutosha, kisha huizima na kuiwasha kupitia rikavari, ile sehemu ndogo inayoamka kabla ya mfumo. Na faili la Amazon ni mfumo mzima, si kiraka. Ndiyo maana haliulizi ulibadilisha nini: linaandika upya sehemu yote ya /system, panapokaa mfumo wenyewe, SuperSU ikiwa humo inakwenda nayo. Vitabu vyako viko sehemu nyingine ya hifadhi, kwa hiyo huvikuta salama, na ndiyo maana mtu haelewi kimepotea nini mpaka atafute matangazo yaliyokuwa yameondoka.

Kwa hiyo pa kukata ni kwenye hiyo programu ndogo. Ukiikata hapo, hakuna wa kuuliza seva wala wa kupakua.

Unahitaji kompyuta yenye adb (programu ya kuiamrisha tableti kutoka kwenye kompyuta), waya wa USB unaopitisha data (nyingi za barabarani ni za chaji tu, usihangaike na madereva kabla ya kubadilisha waya), na USB debugging iwe imewashwa kwenye Developer Options. Wi-Fi ya tableti iwe imezimwa tangu dakika mpwa anapoanza kuiruti mpaka mmalize. Kisha:

adb shell
su
pm disable com.amazon.device.software.ota
pm disable com.amazon.device.software.ota.override
pm disable com.amazon.kindle.otter.oobe.forced.ota

Ukiandika su, tazama skrini ya tableti: SuperSU itauliza kama inaruhusu, na ukichelewa inakataa yenyewe. Alama ya dola ikigeuka kuwa #, endelea. Kila amri ikikubali utaona jibu la namna hii:

Package com.amazon.device.software.ota new state: disabled

Ukijibiwa kwamba kifurushi hakijulikani, usiogope, si kila muundo una hivyo vyote vitatu. Orodhesha vilivyopo kwako kwa pm list packages | grep ota, ila usizime kila kitu chenye herufi hizo tatu. Utaletewa na vingine visivyohusika, mathalani chochote chenye neno "rotation" ndani yake. Soma jina lote.

Sasa hatua ambayo karibu maelezo yote niliyowahi kuyasoma huiruka. Kabla ya kuiwasha upya, hakikisha hakuna faili lililokwisha kupakuliwa linalongoja zamu. Ukiwa bado kwenye #, andika ls -l /cache. Sehemu hiyo kwa kawaida huwa na folda chache na faili dogodogo za kumbukumbu. Niliwahi kuletewa moja kutoka upande wa Maseno, mwenyewe akiapa kwamba ameshazima kila kitu. Tulipoorodhesha, hilo hapo: faili la .bin la mamia ya megabaiti, tarehe yake ya juzi. Programu ya kupakua ilikuwa imezimwa kweli, lakini mzigo ulikuwa umeshaingia nyumbani. Ukilikuta kama hilo, lifute kwa rm na jina lake kamili. Usiandike rm pamoja na nyota ukafuta kila kitu humo, maana na rikavari hutumia sehemu hiyo.

Ukishafuta, washa upya mara moja Wi-Fi ikiwa bado imezimwa, kisha:

pm list packages -d

Hiyo inaonyesha vilivyozimwa. Vile vya ota vikiwa kwenye orodha, fungua Wi-Fi, nenda System Updates, bonyeza kitufe. Kwenye tableti nilizozishika, kitufe hubonyezeka na hakuna kinachofuata. Hayo ndiyo majibu unayoyataka.

Kuna wanaopenda kwenda mbali zaidi na kubadilisha jina la faili lenyewe, DeviceSoftwareOTA.apk, liwe na .bak mwishoni. Kwenye Fire OS 5, ambayo ndiyo ya HD 8 yako, inafanyika: fungua /system kwa mount -o remount,rw /system, tafuta faili hilo humo, libadilishe jina, rudisha /system iwe ya kusomwa tu. Mimi siku hizi silifanyi ila mteja akisisitiza. Sababu ni kwamba miundo ya baadaye ina dm-verity, inayokagua /system wakati wa kuwaka. Ukigusa herufi moja huko, tableti inakwama kwenye nembo. Mtu husoma maelezo ya HD 8 ya 2017, akayatumia kwa ndugu yake ya mwaka unaofuata, halafu anakuja kwangu na sura ya msiba. pm disable haigusi /system hata kidogo, na ukitaka kuirudisha ni pm enable tu.

Udhaifu wa pm disable ni mmoja, nao ni mkubwa: orodha ya vilivyozimwa huwekwa kwenye sehemu ya data. Ukirudisha tableti katika hali ya kiwandani, orodha inafutwa, programu ya apdeti inafufuka, na hapohapo unaulizwa nenosiri la Wi-Fi. Ukiliweka, inaweza kupakua toleo jipya kabla hujamaliza hata kuchagua lugha. Kwa hiyo Mwalimu, ukimpa mtoto au ukiiuza, mwambie asiifute hovyo. Na ikilazimu kufuta, ukifika skrini ya Wi-Fi gusa mtandao wowote wenye nenosiri, kisha ghairi. Hapo huwa panajitokeza njia ya kuruka hatua hiyo. Ingia bila mtandao, zima vile vitatu kwanza.

Kuhusu kuzuia anwani: ndiyo, unaweza kuongeza kwenye /system/etc/hosts mstari wa 127.0.0.1 softwareupdates.amazon.com na mwingine wa updates.amazon.com. Ni kinga ya pili, siyo ya kwanza, kwa sababu anwani za kupakulia hubadilika na onyo la dm-verity linahusu faili hili pia. Kuzuia kwenye ruta nako ni kuzuri kwa mwenye ruta. Wengi wetu huku tableti inakula hotspoti ya simu, leo ya baba, kesho ya jirani, na kizuizi ulichoweka kwa ruta ya nyumbani hakiifuati barabarani. Isitoshe, mwenye hotspoti ndiye anayelia bando lake likinywewa na apdeti ambayo hakuna aliyeiomba.

Sasa sehemu ambayo hutaipenda. Tableti yako imeshapokea toleo jipya. HD 8 ya 2017 ilikuwa ikirutiwa kwa mtk-su, programu ndogo inayotumia shimo la usalama la chipu za MediaTek lililopewa namba CVE-2020-0069. Google ililiweka kwenye taarifa yake ya usalama ya Machi 2020, na Amazon walikuwa wameanza kuliziba kabla ya hapo. Mpwa akiendesha mtk-su ikakataa, ajue limezibwa. Asijaribu kulazimisha toleo la zamani kupitia rikavari. Baadhi ya miundo ya Fire ina kinga ya kutorudi nyuma, na ukiilazimisha haitoi onyo, inazimika na haiwaki tena. Njia inayobaki ni ya kufungua kasha na kuunganisha sehemu ya bodi, na kwa tableti ya mitumba sijui kama inalipa. Mimi ningeiacha bila ruti na kuitumia hivyohivyo. Vitabu havihitaji ruti.

Na shimo hilo hakulitumia mpwa peke yake. Januari 2020 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza programu zilizokuwa Play Store kabisa, zikitumia njia hiyohiyo kujitwalia mamlaka kwenye simu za watu. Ukizuia apdeti ili ruti ikae, umekubali shimo likae nalo. Sioni tatizo kwa tableti ya kusomea. Lakini usiingize M-Pesa wala benki humo, wala barua pepe unayotumia kurejesha nywila zako. Fungua akaunti ya pembeni ya vitabu tu. Mteja akiniambia anataka kuzuia apdeti na palepale anataka programu ya benki, namrudishia tableti yake.

Utaona pia tovuti zinakataa kufunguka na kulalamikia vyeti, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha kwamba tovuti ni ya kweli. Fire OS 5 imejengwa juu ya Android 5.1, na tangu mwisho wa Septemba 2024 Android za kabla ya 7.1.1 haziamini tena vyeti vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti nyingi mno. Hilo si kosa la kuzuia apdeti, hata usingezuia lingekukuta. Weka toleo la Firefox linalokubali Android 5, maana Firefox hubeba vyeti vyake yenyewe.

Aliyeuliza hapo chini kuhusu Nook Tablet ya zamani (ya Barnes & Noble) apdeti azizuie vipi: yako ni kisa kingine. Ilitoka Novemba 2011, na Desemba hiyohiyo toleo 1.4.1 likafunga mlango wa kuingiza programu kutoka nje na kuua ruti. Watu wakaamka kama Mwalimu alivyoamka. Dawa iliyozoeleka ilikuwa kubadilisha jina la /system/etc/security/otacerts.zip. Humo ndimo mlimo vyeti ambavyo mfumo hulinganisha na sahihi ya faili la apdeti. Visipopatikana, faili linapakuliwa lakini linakataliwa. Kwa Nook inatosha. Kwa Fire usiitegemee peke yake, na kumbuka kwamba faili litaendelea kupakuliwa na bando kwenda nalo.

Mwenye Kindle ya wino, ile nyeusi na nyeupe, hana pm wala Android. Kama umeshaivunja (umefungua kufuli la mfumo wake) na una KUAL, menyu ya kuendeshea nyongeza kwenye Kindle iliyovunjwa, kuna nyongeza inayoitwa Rename OTA Binaries, inabadilisha majina ya otaupd na otav3 ambazo ndizo zinazoshughulikia apdeti. Kama bado hujaivunja, iweke kwenye hali ya ndege, iunganishe na kompyuta, unda folda tupu, narudia folda si faili, uipe jina update.bin.tmp.partial pale juu kabisa penye folda ya documents. Mfumo ukitaka kuandika faili la jina hilo unakuta mahali pana mwenyewe.

Mwalimu, nenda Settings, Device Options, System Updates, uandike hapa namba nzima ya toleo la Fire OS iliyopo sasa, mpaka tarakimu ya mwisho. Mpwa asiguse kitu kabla hatujaiona.