Waache Wagombane Kwanza, Ndipo Ununue

Msomaji mmoja ameniuliza: simu anayoitamani imetoka juzi, hela anazo, anunue au asubiri? Asubiri: kampuni za simu zikigombania wateja, bei hushuka. Nimelisema hili miaka mingi na nimechekwa sana. Kazini nilikuwa na mwenzangu asiyekubali toleo jipya limpite. Kila akiniona na simu ya mwaka wa nyuma, ananiuliza mbele za watu kama nimefulia. Nilikuwa nacheka naye, lakini moyoni iliniuma, na waliocheka pamoja naye nawakumbuka mmoja mmoja.

Haya, tuje kwenye bei. iPhone ya kwanza ilianza kuuzwa Juni 2007. Ile ya gigabaiti 8 ilikuwa dola 599. Septemba mwaka huohuo Apple ikaishusha hadi 399. Waliopanga foleni walipiga kelele mpaka bosi wa Apple, Steve Jobs, akaandika barua ya kuomba radhi na kuwapa dola 100 kila mmoja, tena si taslimu: za kununulia bidhaa za Apple hukohuko!

Upande wa Android vita ni vikali zaidi. Mwaka 2014 OnePlus iliingia na simu ya dola 299 yenye prosesa (ubongo wa simu) ya daraja la simu ghali za wakati ule. Mwaka 2018 Lei Jun, bosi wa kampuni ya simu ya Xiaomi, akaahidi kwamba faida halisi ya vifaa vyao haitazidi asilimia 5. Usidhani ni sadaka; pengo hilo linazibwa na huduma za intaneti na matangazo, yakiwemo yale yanayokuchungulia ndani ya simu yako mwenyewe. LG ilichoka, ikafunga biashara ya simu 2021.

Sasa wanashindania hata umri wa simu. Google iliahidi masasisho ya programu ya miaka 7 kwa simu yake ya Pixel 8 mwaka 2023, na Januari 2024 Samsung ikaahidi hivyohivyo kwa Galaxy S24. Miaka hiyo huhesabiwa tangu simu itoke, si tangu uinunue, lakini ukitoa mmoja kwenye saba unabaki na mingi kuliko utakavyovumilia kuitumia.

Kwa hiyo subiri, ndugu yangu. Mpinzani akizindua ya kwake, tazama bei upya, halafu subiri tena kidogo. Vijana, acheni kukopa kwa ajili ya kamera! Wala usiniandikie wiki ijayo kuuliza kama rangi mpya inabadilisha ushauri huu. Haibadilishi.