Land Rover ya kabureta ikigoma kwenye joto, usikimbilie kununua pampu

Msomaji wa Mombasa ameniandikia. Akizima Land Rover yake Series III kwenye foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, zamu yake ikifika stata inazunguka tu, injini haishiki. Jioni inawaka bila neno. Fundi kamwambia anunue pampu ya mafuta. Mafundi wetu na ugonjwa wa kubadilisha vitu! Asinunue.

Hapo pampu haihusiki. Kwenye injini hii kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekaa juu ya manifodi ya ekzosi, yaani bomba la kukusanya moshi wa injini. Ukizima, feni na maji husimama, joto lote linapanda. Petroli huanza kutoa mapovu kwenye nyuzi 40 hivi, basi bakuli la kabureta linachemka na mafuta yanamwagikia ndani ya manifodi ya kuingizia hewa. Fungua mpira wa chujio la hewa: harufu itakupiga usoni. Kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia, piga stata kama sekunde 10. Usipige-pige pedali, unazidi kuilowesha.

Gari likianza kukatakata likiwa linatembea, halafu likafa, hilo ni jambo jingine: mvuke umejaa kwenye paipu. Pampu ya injini huvuta kutoka tangi, na kule kuvuta hupunguza mgandamizo, mafuta yakachemka mapema zaidi. Funga kitambaa kibichi kwenye pampu, ngoja. Manifodi ya ekzosi usiimwagie maji, inaweza kupasuka.

Lakini usiamini mvuke kabla hujafungua kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa mlio, tundu lake la kupitisha hewa limeziba. Kagua na mpira wa kutoka tangi hadi kwenye pampu. Ufa mwembamba tu unaingiza hewa na dalili ni zilezile. Tazama na moto wa plagi, maana koili (inayotengeneza umeme wa plagi) iliyochoka hufa ikipata joto.

Kwa huyu wa Likoni, dawa ni kipande cha bakelaiti, plastiki ngumu inayozuia joto, cha milimita 8 hadi 10 chini ya kabureta, gasketi juu na chini, na stadi (skrubu za kuifungia) ndefu zaidi. Kabureta ikipanda, fimbo ya akselereta hubadilika pembe, kwa hiyo hakikisha inafunguka yote na boneti inafunga. Ongeza kibati cha alumini kati yake na ekzosi, paipu ya mafuta ikae angalau sentimita 5 mbali na ekzosi. Vibanio vya nguo ambavyo wengine hubana kwenye paipu eti kuipoza ni mapambo.

Anayesumbuliwa na mvuke wa njiani ndiye wa kufikiria pampu ya umeme. Ikae karibu na tangi, chini, isukume kwa mgandamizo wa pauni 2 hadi 3 tu kwa inchi ya mraba. Ikizidi, sindano ya floti, ile inayofunga mafuta bakuli la kabureta likijaa, inashindwa kufunga na petroli inamwagika juu ya ekzosi ya moto. Waya wake upitie swichi inayokata umeme gari likigonga, la sivyo itaendelea kusukuma mafuta hata paipu ikiwa imekatika.